Mbili Wapi, Nne Wapi

Siku mliponiaga nikistaafu mlinipa tangi la maji, shuka nyekundu na kipande cha keki kikubwa kuliko adabu yangu. Kisha Faith, yule mdogo wenu wa pale mapokezi, akaniuliza tulikuwa tukifanya nini humo maktabani kabla kompyuta hazijaja. Sikumjibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nina nafasi, tangi limejaa pia, na mvua ya Kericho haijaacha desturi yake ya kubisha hodi baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nitamjibu. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaacha. Yako kwenye faili, na anayeyataka ajue panya walifika huko kabla yake.

Niliingia maktaba yetu mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitoka kwetu Ndanai, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Nilidhani kazi ya mkutubi ni kukaa na kusoma. Mkuu wetu, Bwana Mutai, alinipokea mlangoni, akaviangalia vile viatu kwa huruma, akanipa kitambaa kikavu. "Anza na rafu ya chini, pangusa ukungu," akasema. "Ukifika ile ya mwisho, ile ya kwanza itakuwa imeota tena." Nilidhani anatania. Unyevu wa mji huu unaweza kuotesha uyoga kwenye kamusi, na wiki zangu za kwanza sikufungua kitabu hata kimoja isipokuwa kwa kukipangusa. Vifaa vya kazi vilikuwa kitambaa, brashi ya rangi iliyokatwa ncha, mikebe ya chokaa tuliyoificha nyuma ya vitabu inyonye maji, na sufuria ya kupikia gundi ya unga wa ngano. Gundi ile ilikuwa nzuri sana. Mende waliipenda kuliko sisi.

Ukutani palikuwa na bango limeandikwa KIMYA kwa herufi kubwa nyeusi. Bwana Mutai alilipenda kama mtoto wake wa mwisho. Lakini paa letu lilikuwa la mabati matupu, na mvua ikianza, hasa ile yenye mawe, mtu angeweza kuuza ng'ombe kwa mnada katikati ya chumba na msomaji wa kando asisikie. Mtaona baadaye kwa nini ninalitaja hili.

Bwana Mutai ndiye aliyenifundisha kazi, na mafundisho yake yalikuwa machache. La kwanza, mikono ya msomaji iwe imeoshwa. La pili, kitabu kilicholala chali kinaumwa mgongo kama binadamu. La tatu ndilo alilolirudia mpaka nikaliota: "Msomaji akichukua kitabu, usimuulize anakitakia nini. Wewe si mama mkwe wake."

Siku hizo vitabu vingi vilitufikia kwenye masanduku ya msaada kutoka ng'ambo. Waliotutumia walikuwa na moyo mzuri, ila hawakujua tunaishi wapi. Tulipata vitabu vya kuendesha gari kwenye theluji na vya kutunza bwawa la kuogelea. Lakini chini ya masanduku hayo hayo palikuwa na vitabu vya chuo kikuu: uchumi, kemia, sheria, uhandisi, hesabu. Bwana Mutai alivipanga kwenye rafu ya dirishani, karibu na meza kubwa, na akanikataza katakata nisiweke kibao cha kusema ni vya chuo kikuu. "Ukiandika hivyo watu watapita mbali," akaniambia. "Wacha wavikute tu."

Nao walivikuta. Njia ya kuingia chuo kikuu wakati huo ilikuwa nyembamba, na waliokosa kwa alama chache walikuwa wengi. Walirudi kwenye chai, kwenye ng'ombe, kwenye viwanda, lakini kichwa hakikurudi. Kuazima kitabu kulihitaji mtu wa kukudhamini kwa sahihi yake. Kukaa mezani kusoma kulihitaji mikono safi tu. Basi Jumamosi walijaa pale mezani, watu wazima wenye matope kwenye gambuti, wakijisomea masomo ya digrii bila mwalimu, bila karo, bila mtu wa kuwaambia lini wamefika.

Mmoja alikuwa Odhiambo, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai. Watu wake walikuwa wametoka upande wa ziwa, lakini yeye alizaliwa hapa hapa kwenye nyumba za wafanyakazi, na Kikipsigis chake kilinishinda mimi mwenye lugha. Alikuwa na mdomo. Kila akiingia nilimwambia anionyeshe viganja, kwa sababu grisi yake ilikuwa imeshapiga chapa kurasa nzima za kitabu cha uhandisi. Alivinyoosha kama mtoto wa shule, kisha ananiambia, "Madam Alice, hii grisi ndiyo inapika hiyo chai unakunywa saa nne." Nilimrudisha bombani hata hivyo.

Wa pili ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Jina lake Chebet, ila sote tulimwita Mama Kiptoo kwa jina la kifungua mimba wake. Shamba lao lilikuwa upande wa kwenda Kedowa, chai kidogo, ng'ombe wachache, mahindi. Alikuwa rika langu. Shuleni alikuwa mkali wa hesabu, akakosa chuo kikuu chupuchupu, akaolewa, na kila alipokuwa akichuna majani kichwa kilikuwa kikimsumbua. Jumamosi ya kwanza alisimama mbele yangu kitambaa cha kichwa kikichuruzika maji, akaomba "kitabu ya hesabu ya juu kabisa." Nilikumbuka fundisho la tatu nikanyamaza. Nikampa kitabu cha kalkulasi, hesabu ya vitu vinavyobadilika, kinene, cha buluu, ambacho mtu mmoja asiye na haya alikuwa amekichana kurasa kadhaa katikati kabla sijaajiriwa. Mtu huyo mpaka leo namtafuta.

Alikaa nacho kila Jumamosi. Alikuwa akiandika nyuma ya kalenda kuukuu, zile kubwa za duka la dawa za mifugo na za chama cha akiba, kwa sababu upande wa nyuma ni mweupe na mpana. Akimaliza anazikunja kama mkeka na kuondoka nazo kwapani. Halafu siku moja akaja kaunta na kitabu mkononi, uso umefunga kama mlango wa posta.

"Madam, mimi nimekuwa mpole kwako."

"Kuna nini, Mama Kiptoo?"

"Hii kitabu. Majibu iko huku nyuma. Moja iko. Tatu iko. Tano iko. Mbili wapi? Nne wapi?" Alikuwa anagonga ukurasa kwa kidole. "Kama umeficha ile kitabu ingine ya majibu, sema tu. Ama ni ya watu ya ofisi peke yao?"

Nilifungua nikaona ni kweli. Majibu ya maswali ya namba witiri yalikuwepo yote, na ya namba shufwa hata moja hakuna. Nilichungulia sandukuni, nikachungulia chini ya rafu. Mwishowe nikamwita Bwana Mutai. Yeye alijua. Alituambia vitabu vya chuo kikuu huandikwa hivyo kwa makusudi: majibu ya nusu anapewa mwanafunzi ajipime, ya nusu ya pili anabaki nayo mwalimu, ampime nayo.

"Ziko kwa mwalimu," akasema.

"Na kama hauna mwalimu?"

Bwana Mutai alivua miwani akaipangusa kwa tai yake. "Basi uko na nusu ya kitabu, mama."

Mama Kiptoo alirudi mezani akakaa, hakuandika. Nilimpelekea kikombe cha chai, kitu ambacho sheria ilikataza, nikamwambia kazi yake inaonekana sawa kabisa. Nilisema hivyo kwa kutaka kumtuliza tu, maana hesabu yangu ya kidato cha nne ilikuwa ya kuombewa. Alinitazama kwa upole.

"Madam, wewe ulishapeleka majani senta?"

Nilimwambia kwetu Ndanai hatukuwa na chai, wala senta ya kupokelea majani yake.

"Basi sikia. Mimi nikifika senta na kikapu, karani haniambii inaonekana sawa. Anamwaga majani yote kwa meza. Anapanguapangua. Majani mawili na chipukizi, hiyo inabaki. Ile ngumu anatoa, anatupa huko. Nikikasirika nikasirike, lakini nikienda nyumbani najua vile nimechuna. Mimi nataka mtu amwage hii hesabu yangu kwa meza."

Odhiambo alikuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili. Ndiye aliyeleta shauri. Kila swali la namba shufwa lifanywe na watu watatu, kila mmoja peke yake. Majibu yakilingana, limepita, ni majani mawili na chipukizi. Yasipolingana, linamwagwa mezani na kupanguliwa mpaka mmoja akubali. Shida ni kwamba wao walikuwa wawili. Wakageuka wote wakanitazama.

Ndivyo nilivyoanza kujifunza kalkulasi kwa kuburutwa. Mama Kiptoo alinifundisha kutoka ukurasa wa kwanza, na hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Lakini siku nilipoelewa mteremko wa mstari uliopinda ni kitu gani, nilitoka nje nikayaangalia mashamba ya chai yanavyoshuka mabondeni na kupanda tena, nikayaona upya. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nadhani sijapata nyingine ya namna ile.

Kubishana ndiko kulikuwa na kazi, kwa sababu ya bango. Tulikuwa tukifanya maswali kimya kimya asubuhi, tukingoja. Mvua ikianza kupiga mabati, ndipo darasa lilipoanza. Kalenda zinatandazwa kwenye meza ya dirishani, Odhiambo anapiga kelele kwamba mimi nimesahau alama ya kutoa, mimi napiga kelele kwamba sijasahau, na wasomaji wengine hawasikii lolote. Bwana Mutai alikuwa akituona midomo inavyokwenda. Aliligeukia bango lake, halafu akageukia dirisha. Miezi ya kiangazi tulisoma kidogo sana.

Tuliendelea hivyo kwa misimu kadhaa, na kalenda zikawa furushi. Swali moja nalikumbuka vizuri, la kumi na nne katika ile sura iliyochanwa. Liliuliza hivi: ukijumlisha nusu, na theluthi, na robo, na sehemu ya tano, na ya sita, ukaendelea bila kukoma, jumla itatulia mahali au la? Kurasa za maelezo hazikuwepo, kwa hiyo tulitumia akili zetu. Mama Kiptoo alisema kiangazi kikiingia chai hupungua, leo kikapu, wiki ijayo nusu, halafu kiganja, na mwisho hesabu ya mwaka inasimama. Kitu kinachoongezwa kikizidi kuwa kidogo, lazima jumla itulie. Odhiambo alikubali. Mimi pia nilikubali, tena kwa haraka. Watatu tumelingana, swali likapita.

Aliyetuvuruga ni Baba Kiptoo, mumewe, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jumamosi zote hizo alikamua ng'ombe yeye na kupeleka majani senta yeye, na majirani walikuwa wakimcheka. Siku moja alimuuliza mkewe swali moja tu. Mama Kiptoo alitusimulia kesho yake baada ya kanisa, tumesimama nje ya geti la kanisa.

"Ameniambia, mimi sikukatazi, Mama Kiptoo. Lakini hiyo kitu unaandika nyuma ya kalenda, nani amekuambia ni ya ukweli? Nikamwambia sisi watatu tunakubaliana. Akaniambia hata walevi watatu hukubaliana."

Odhiambo alianza kucheka, akaacha alipomwona uso.

"Mnajua ule mzee wa stendi anaandika kwa ukuta na mkaa?" Mama Kiptoo akasema. Sote tulimjua. Alikuwa akijaza kuta za stendi ya mabasi kwa namba, safu kwa safu, na alijiita injinia. "Yeye pia anaona iko sawa. Mimi naogopa, Madam. Naogopa sana. Kama mimi ni kama ule mzee, heri nijue mapema nirudi kwa chai yangu. Baba Kiptoo amechoka na ana haki."

Kila nililoweza kusema lilikuwa lile lile la "inaonekana sawa."

Jumatatu nilimwendea Bwana Mutai. Nilimwambia tunahitaji mtu mmoja tu aliyesoma hesabu hizi kwa mwalimu. Alikasirika. "Kazi yetu ni kutoa kitabu, si kutoa maksi," akasema. "Ukianza hiyo, kesho wataleta mashairi." Nikaenda kupangusa ukungu kwa hasira. Saa kumi alikuja akasimama nyuma yangu, anaangalia dirishani kama mtu anayezungumza na mvua.

"Wewe msichana, unapenda viazi?"

"Napenda, mzee."

"Viazi vizuri viko Londiani. Kuna mama mmoja anauza, karibu na soko, mama ya Rono. Huyo Rono alikuwa analala kwa hii meza yetu likizo zote. Siku hizi anafundisha hesabu chuo kikuu. Wikendi ingine hukuja kusaidia mama yake." Akatia mikono mfukoni. "Hakuna sheria inasema mfanyakazi wa serikali asinunue viazi."

Nilikwenda na furushi la kalenda limefungwa kwa kamba ya katani. Daktari Rono nilimkuta amepiga magoti kati ya viazi, anachagua vya mbegu upande huu na vya kuuza upande ule, mikono imejaa udongo mwekundu. Nilijieleza vibaya, kwa haraka, kama mtu anayeomba mkopo.

"Madam, nielewe," akasema. "Kule nimeacha marundo ya karatasi za wanafunzi. Nimekuja hapa nipumzike na viazi. Huyo mama yuko chuo gani?"

"Yuko laibrari."

"Laibrari si chuo."

Ndani ya stoo sauti ikatoka, ya mama yake, ambaye nilidhani hatusikii. "Kipkemoi! Na wewe ulisoma wapi zile likizo yote? Si hapo hapo kwa meza ya Mutai? Chukua hiyo kitu ya mtoto wa watu."

Alilichukua furushi kwa vidole viwili ili asilichafue. "Siahidi," akasema. Nikanunua viazi vingi kuliko nilivyoweza kubeba, kwa aibu.

Kungoja kulituumiza. Kila Jumamosi Mama Kiptoo aliingia, akaniamkia, akaitazama mikono yangu, akaona haina kitu, akaenda mezani. Hakuuliza hata mara moja. Hakuandika pia. Alikuwa anasoma tu kurasa za zamani, akiwa amejikunja kama mtu anayesikia baridi. Odhiambo alijaribu mizaha yote aliyokuwa nayo akaishiwa. Nilianza kujuta kwenda Londiani. Niliwaza, mtu aliyekuwa na nusu ya kitabu nimekwenda kumnyang'anya hata hiyo nusu.

Kisha mchuuzi mmoja wa viazi akashusha furushi kaunta, limefungwa kwa ile ile kamba. Ilikuwa Jumamosi na wote wawili walikuwepo. Mama Kiptoo alikataa tulifungue pale. Alilibeba mpaka meza ya dirishani, akaosha mikono kwanza, akafungua, akatandaza kalenda moja baada ya nyingine mpaka meza ikajaa.

Zilikuwa nyekundu. Sijui niseme vipi. Kalamu ya Rono ilikuwa imepita kila mahali, mistari, mikato, duara, maneno pembeni. Alama za vema zilikuwepo, nyingi hata, lakini zilikuwa ndogo na macho hayakwenda huko. Macho yalikwenda kwenye swali la kumi na nne, lililokatwa kwa mistari miwili mirefu kutoka pembe hadi pembe. Chini yake alikuwa ameandika: "La. Kupungua peke yake hakutoshi. Chukua theluthi na robo, zijumlishe: zimepita nusu. Chukua nne zinazofuata: zimepita nusu tena. Kila ukienda mbele utapata nusu nyingine, hata kama itabidi uiokote kwa vipande vidogo sana. Jumla hii haitulii kamwe. Rudia."

Hapakuwa na salamu wala hongera. Rudia, basi.

"Lakini tulikubaliana sisi watatu!" Odhiambo akasema.

"Tulikuwa tunakunywa kwa kibuyu kimoja," nikamwambia. Kurasa zile zile zilikosekana kwetu sote, kwa hiyo tulipotea pamoja na tukafika mahali pamoja.

Nilimgeukia Mama Kiptoo. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika. Nikamshika mkono nikaanza kumwambia asilie, kwamba hata yeye Rono si Mungu. Akauondoa mkono wangu. Machozi yalikuwepo kweli, lakini alikuwa anacheka.

"Amekataa majani yangu!"

"Pole, Mama Kiptoo."

"Pole ya nini? Madam, wewe haujui senta. Majani ikiwa mbaya kabisa, karani hata hamwagi kwa meza. Anaangalia kikapu tu, anakuambia peleka kwa ng'ombe. Huyu amemwaga! Ameangalia moja moja. Hii ametoa. Hii ametoa." Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya ile nyekundu yote, kikafika kwenye vema moja ndogo, kikasimama. "Na hii ameacha. Madam, hii ameacha!"

Mvua ilikuwa haijaanza. Sauti yake ilijaa chumba chote na wasomaji wakainua vichwa. Bwana Mutai alitoka ofisini, akalitazama bango lake, akatutazama, akarudi ndani akafunga mlango taratibu.

Jioni hiyo, Mama Kiptoo alitusimulia baadaye, alimwonyesha mumewe zile kalenda. Baba Kiptoo hakujua kalkulasi, lakini majani alikuwa ameyapeleka senta tangu utotoni. Alipitisha macho polepole. "Amekataa zingine?" akauliza. "Amekataa." "Basi ni ya ukweli," akasema, akaenda kufungia ndama. Mambo ya Jumamosi hayakuzungumzwa tena katika nyumba ile.

Msiningoje niwaambie alipata digrii. Hakupata, wala hakuitafuta. Alilirudia swali la kumi na nne mpaka akaliona mwenyewe, akamaliza kitabu cha buluu, akahamia kingine. Daktari Rono alisahihisha furushi kama mara moja kwa mwaka, na malipo yake yalikuwa ni mimi kununua viazi kwa mama yake. Nilijifunza kuvipika kwa kila namna. Odhiambo alistaafu akarudi nyumbani kwao ziwani, akafariki huko. Alama zake za vidole bado ziko kwenye kitabu cha uhandisi, na ninawaomba msikitoe kitabu kile, hata kama kimepitwa na wakati. Bwana Mutai tulimzika muda mrefu uliopita. Bango lake mnalo, mmelitundika mlango wa choo, na nadhani angecheka.

Mama Kiptoo aliendelea kuja. Kwanza kila Jumamosi, halafu mara moja kwa mwezi watoto walipokuwa wengi, halafu likizo kwa likizo. Magoti yalipoanza kumsumbua ikawa mara moja kwa mwaka. Nilikuwa nikiona anavyopunguza kuja nikasikitika, mpaka nikakumbuka lile swali la jumla isiyotulia na vile sote watatu tulivyolikosa.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwake. Sebuleni ana kalenda imetundikwa kinyume, picha ya ng'ombe imeangalia ukuta, hesabu na wino mwekundu uliofifia vimeangalia wageni. Alinipikia chai. Nikamwambia Faith amenionyesha maajabu: siku hizi ukiandika swali kwenye simu, majibu yote ya kitabu kile yanatoka, ya mbili, ya nne, ya sita, na jinsi ya kuyafanya. Nikamwambia nimemletea, nikatoa simu.

Hakuipokea. Aliitazama tu mkononi mwangu.

"Hiyo simu itaangalia yangu? Ama itanionyesha yake tu?"

"Itakuonyesha yake," nikakiri.

"Basi rudisha kwa mkoba." Akafungua droo ya kabati, akatoa kipande cha kalenda ya mwaka jana, swali moja, mistari mingi, mwandiko unaotetemeka kidogo sasa. Akaweka juu yake kalamu nyekundu. "Rono amezeeka, macho imeisha. Angalia wewe."

Nilitaka kusema inaonekana sawa. Mdomo ulishafunguka. Nikaufunga, nikavaa miwani, nikaanza mstari wa kwanza. Chai ilipoa. Nilipofika katikati nikaona mahali alama ya kutoa ilipopotea, ile ile niliyokuwa nikigombana na Odhiambo kwa ajili yake chini ya mabati. Nikachukua kalamu, nikazungushia duara, nikaandika pembeni: Rudia.

Mama Kiptoo alivuta karatasi, akatazama, akapiga paja lake kwa kiganja. "Baba Kiptoo!" akaita nje kwa sauti, kama msichana. "Njoo uone! Madam amekataa majani!"